Kufufua mashua kuukuu: mwongozo kamili kwa mwenye chombo asiye fundi

Mashua za mbao zinauzwa rahisi siku hizi. Wavuvi wengi wamehamia boti za faiba zenye mashine, na ukipita Nungwi, Kizimkazi, Tanga au Kilwa hukosi kuona moja imeegemezwa chini ya mkungu, tanga lake limewekwa darini, na mwenyewe yuko tayari kusikiliza bei. Mtu mwenye kazi yake ya mjini, anayependa bahari na ana kiinua mgongo kidogo, anaweza kuinunua, kuitengeneza na kuisafiria kwa miaka mingi.

Ninachoeleza hapa kinahusu mashua ya futi 20 hadi 26, yenye shetri (mwisho wa nyuma) bapa, mlingoti mmoja na tanga moja. Mwenye dau atafaidika karibu na kila neno. Mwenye ngalawa atafaidika na sehemu ya tanga na kamba tu, maana mwili wa ngalawa ni gogo lililochimbwa na matengenezo yake ni elimu nyingine.

Kazi zote zina mpangilio mmoja: unaanza mkukuni, yaani kwenye mti mkuu wa chini unaobeba chombo chote, unapanda juu. Wenye pupa huanza na tanga jipya na jina lililoandikwa kwa rangi nzuri omoni, yaani mbele ya chombo, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Mkuku hauonekani na mtu, lakini ndio utakaokurudisha nyumbani.

Nenda na kisu kabla hujaenda na pesa

Ikague mashua maji yakiwa yamekupwa, imelala mchangani. Chukua kisu chenye ncha kali, nyundo ndogo, tochi na chaki. Mwombe mwenyewe ruhusa ya kuchoma kisu kwenye mbao. Akikataa, aga kwa heshima uondoke.

Anza na ubao wa kwanza unaoshika mkuku, pande zote mbili, kuanzia omo hadi tezi, yaani nyuma. Choma kisu kila kiganja kimoja. Mbao nzima ya mvule hukikataa kisu: ncha inaingia kidogo, inabanwa, na ukiivuta unasikia inakwaruza. Mbao iliyooza hupokea kisu bila sauti, na ncha ikitoka inakuja na unga wa kahawia wenye unyevu. Gonga na nyundo pia. Ubao mzima huitika kwa mlio mkavu. Uliokufa hutoa mlio wa bubu. Kila penye shaka weka alama ya chaki, na ukimaliza rudi hatua kumi nyuma uangalie alama zimejikusanya wapi. Zikiwa zimetawanyika, una kazi ya mbao. Zikiwa zimejipanga kwenye mstari mmoja wa taruma, ule mti uliopinda wa ndani unaoshikilia mbao za ubavu, huenda taruma limeoza na limezichukua mbao zake.

Kisha ingia ndani na tochi. Watu huogopa bahari, lakini mbao huogopa mvua. Maji ya chumvi huchelewesha kuoza. Maji ya mvua yaliyotuama ndiyo huleta ukuvu. Kwa hiyo mahali pabaya zaidi mara nyingi pako juu ya maji: chini ya sakafu ya omo, kwenye vichwa vya mataruma vinapokutana na ubao wa juu, pembe za shetri, na kuzunguka mwashiri, ule mti ulalao juu ya mkuku na kupokea kitako cha mlingoti. Ondoa mawe ya farumi, yale ya kukipa chombo uzito, toa mchanga wote, ufikie mkuku wenyewe. Muuzaji anayesema "hapo pako sawa, usijisumbue" amekuonyesha pa kujisumbua.

Adui mwingine ni mdudu wa baharini atobaye mbao. Huingia akiwa mdogo sana kupitia tundu kama la sindano, kisha hukua ndani huku akichimba njia inayoweza kufikia unene wa penseli au zaidi, iliyotandikwa ganda jeupe. Ubao unaweza kuonekana mzima nje na ndani pakawa matundu matupu. Unapomshuku, toboa kwa drili nyembamba na utazame inachotoa: chembe ndefu za mbao ni salama, unga mweupe na utupu ni hasara. Tundu ulilotoboa lizibe kwa kigingi cha mbao.

Mwisho, funga uzi kutoka fashini ya omo (mti unaosimama kwenye ncha ya mkuku) hadi fashini ya tezi, sambamba na mkuku. Mkuku ukiwa umeinuka katikati na ncha zimeshuka, chombo kimevunjika mgongo. Hicho kiache. Mbao tano au sita mbovu si tatizo, na mataruma matatu au manne yaliyopasuka si tatizo pia. Mkuku ulioliwa pamoja na fashini zote mbili ni kujenga chombo kipya kwa kutumia mabaki ya cha zamani.

Unapojadili bei, hesabu na vitu vinavyokuja na chombo: foromali (mti unaofungiwa tanga), nanga, makapi ya kupitishia kamba, usukani na kana yake (mpini wa kuugeuzia). Foromali nzuri ina thamani kuliko wengi wanavyofikiri. Na bei yoyote mtakayokubaliana, uwe na kiasi kama hicho kingine pembeni. Kama huna, subiri.

Mwezi ndio unaopanga ratiba

Kazi ya chombo hufuata bamvua. Maji makubwa huja mara mbili kwa mwezi, siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji jedwali: tarehe za mwanzo na zile za kati, 15 hadi 17, ndizo za bamvua, 7 au 8 na 21 au 22 ni maji mafu. Kwa Zanzibar, Dar es Salaam na Tanga, tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia karibu mita 4, na maji mara nyingi huwa yamejaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, kisha yamekupwa kabisa kwenye saa nne.

Maana yake kwako ni hii. Unakipandisha chombo juu kabisa ya ufuo kwa maji makubwa ya bamvua, na hapo kitakaa hadi bamvua inayofuata, kama wiki mbili. Kukwangua, kukalafati (kuziba maungio ya mbao kwa pamba) na kupaka chini vinaingia ndani ya mzunguko mmoja kama vifaa vyote viko tayari kabla hujapandisha. Ukibadilisha mbao, panga mizunguko miwili. Ukigusa mataruma na fashini, usijiwekee tarehe mbele ya watu.

Kuhusu msimu, mimi huchagua kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua za masika zimepita, hewa ni poa, na mbao hazipasuki. Jua la kaskazi, Januari na Februari, hukausha chombo kwa haraka mno. Maungio yanafunguka hadi unaona mchanga kupitia ubavuni. Ukilazimika kufanya kazi wakati huo, jenga kibanda cha makuti juu ya chombo na ukimwagie maji ya bahari asubuhi na jioni.

Kupandisha na kutia gadi

Toa kila kinachotoka: farumi, mlingoti, foromali, nanga, sakafu, usukani. Tandika magogo ya minazi ufuoni, yapakwe mafuta, na uvute chombo maji yanapofika kileleni. Hii ni kazi ya watu wengi, na pwani watu hawakodiwi kwa kazi hii, wanaalikwa. Andaa chai, maandazi au sinia la wali, na usisubiri kukumbushwa kwamba kesho ni zamu yako kuvuta cha mwenzio.

Chombo kikikaa, kitie gadi, yaani miti ya kukiegemeza kisianguke. Magogo ya mkuku yawe mengi na ya urefu sawa, maana mkuku ukining'inia katikati kwa wiki mbili utapinda. Gadi za ubavuni zisimame mbele ya mataruma, zisisukume ubao mtupu. Weka kipande cha ubao chini ya kila gadi isizame mchangani, na kila siku uzipigepige kwa nyundo kuona kama zimelegea.

Kwangua, kisha andika

Kwangua rangi yote ya chini na chaza wote waliojishika. Usitumie mashine ya kusaga rangi pasipo barakoa. Rangi za zamani za vyombo zina sumu. Ubavu ukiwa mtupu, chora mashua yako kwenye daftari, upande wa kulia na wa kushoto, kila ubao na namba yake, na uandike hali yake: mzima, wa kukatwa kipande, wa kutolewa wote. Piga na picha. Kazi hii inachosha na haina mvuto, ila ndiyo itakayokuwezesha kuzungumza na fundi kwa namba badala ya "pale karibu na pale".

Na hapa ndipo umwite fundi wa vyombo, asiwe seremala wa milango. Gawanyeni kazi waziwazi. Kukwangua, kukalafati, kupaka, kushona tanga, kufunga kamba na kupigilia unaweza kujifunza kwa mkono wako. Kuchonga taruma, kukunja ubao na kugusa fashini mwachie yeye, wewe ukiwa msaidizi. Mlipe kwa hatua: mbao zikiingia, kiasi, kalafati ikiisha, kiasi. Kabla ya yote, omba kuona chombo alichokitengeneza miaka mitatu iliyopita. Kilichotoka jana chochote hupendeza.

Mbao na mataruma

Mvule ni mbao nzuri kwa ubavu: inavumilia maji, mdudu haipendi sana. Msaji ni bora lakini bei yake huumiza. Mbambakofi, ambayo bara na kusini mwa Tanzania wanaiita mkongo, ni nzito na ngumu, inafaa mkuku na fashini. Mwembe hutumika sana kwa sababu upo, ila hudumu kidogo. Kwa ubao wa juu sawa, kwa ubao wa mkukuni hapana.

Mataruma hayakatwi kwenye mbao iliyonyooka. Hutafutwa tawi lililokua limepinda kama taruma lenyewe, ili nyuzi za mbao zifuate mpindo. Likichongwa kutoka ubao ulionyooka, litavunjika pale nyuzi zinapokatika. Mtondoo na matawi ya mwembe hutoa mipindo mizuri. Mikoko pia, lakini misitu ya mikoko inalindwa na kukata bila kibali ni kosa. Nunua kwa muuzaji mwenye stakabadhi.

Kuna sheria mbili za kupachika ubao mpya ambazo fundi mzuri hazivunji, na wewe uzisimamie. Ya kwanza: ncha ya ubao iishie juu ya taruma, au iwe na kipande kinene nyuma yake cha kushikia misumari. Ya pili: viungo vya mbao mbili zinazopakana visikutane. Viachane angalau mataruma matatu, la sivyo unaweka mstari dhaifu ubavuni. Unene wa ubao mpya ulingane na wa zamani. Kwa mashua ya kiasi hiki mara nyingi ni inchi moja hadi moja na robo. Ubao unaotakiwa kujikunja kwenye omo hupashwa moto huku ukiloweshwa, ukabanwa kwa klempu na kuvutwa polepole. Ukisikia mlio wa kupasuka, simamisheni, upasheni tena.

Usiutoe ubao wa pili kabla wa kwanza haujarudi. Mbao zikitolewa nyingi kwa pamoja, chombo hujilegeza na kupoteza umbo, na hakuna klempu itakayolirudisha.

Kabla ndani hapajafungwa, pitisha kidole chini ya kila taruma, pale linapokaa juu ya mkuku. Panatakiwa pawe na tundu la kupitisha maji, ili ngama yote, yaani maji yanayoingia chomboni, ikusanyike mahali pamoja na iweze kukumbwa (kuchotwa na kumwagwa nje). Matundu haya huziba kwa mchanga na magamba ya samaki. Zibua yote.

Misumari

Tumia misumari ya chuma iliyopakwa zinki, ile minene ya vyombo. Ya kawaida ya kuezekea haifai. Usichanganye metali: shaba na chuma vikikaa pamoja katika maji ya chumvi, chuma huliwa. Hata chuma kisichoshika kutu si dawa ya kila kitu. Kikizama ndani ya mbao yenye unyevu, pasipo hewa, huliwa kimyakimya.

Toboa kwanza, tundu jembamba kidogo kuliko msumari. Chimba na kitundu cha kichwa, kizame chini ya uso wa ubao. Kisha chukua uzi wa pamba uliolowekwa mafuta, uzungushe chini ya kichwa cha msumari mara mbili tatu, ndipo upigilie. Pamba hiyo itabanwa kati ya kichwa na ubao na kuzuia maji yasifuate msumari ndani. Ukiona fundi anapigilia bila pamba, muulize kwa upole. Ncha ikitokea upande wa pili wa taruma, ikunjwe kwa nyundo huku mtu wa nje ameshikilia chuma kizito juu ya kichwa.

Misumari ya zamani iliyoliwa na kutu usiing'oe yote kwa mkupuo. Pigilia mpya kandokando, sentimita chache kutoka ulipo wa zamani, katika mbao nzima.

Kalafati

Hii ndiyo kazi itakayokufundisha chombo chako kuliko nyingine yoyote, maana utapita kila ungio kwa mkono. Kaa nayo. Usimpe kijana wa kulipwa kwa mita.

Kwanza toa kalafati kuukuu kwa ndoano ya chuma, bila kuchana kingo za mbao. Ungio zuri lina umbo la kabari: wazi kidogo nje, limefumba ndani. Ukisimama ndani na kuona mwanga wa jua kupitia ungio, pamba itapitiliza na kudondokea mataruma. Hapo kwanza huwekwa ufito mwembamba wa mbao, ukigundishwa kingo moja tu ili mbao ziendelee kupata nafasi ya kuvimba.

Pamba iwe safi, ya nyuzi ndefu. Isokote juu ya paja kuwa utambi, kisha iloweke katika mafuta ya nazi au ya ufuta na kuikamua hadi isidondoke. Shika chembeu, patasi ya kalafati, kwa mkono wa kushoto, nyundo ya mbao kwa wa kulia. Usiulaze utambi wote ndani kwa mstari. Uingize kwa vikunjo: sukuma kidogo, acha kitanzi kidogo, sukuma tena, mpaka ungio limejaa vitanzi vilivyobanana, penye upana vitanzi vikubwa, penye wembamba vidogo. Ukishamaliza kama urefu wa mkono, rudi nyuma na kupigilia kwa chembeu pana.

Sikiliza. Mwanzo nyundo hutoa sauti ya kitu laini. Pamba inapojikaza, sauti hupanda na chembeu huanza kukurudishia mkono. Hapo acha. Wanaojifunza hukosea upande mmoja kila mara: wanapigilia mno. Mbao zilizokauka ufuoni zitavimba zikirudi majini, na pamba iliyoshindiliwa kama jiwe haitazipa nafasi. Zitasukumana hadi misumari ing'oke au taruma lipasuke. Kwa chombo kilichokaa kavu muda mrefu, acha pamba legevu kuliko nafsi yako inavyotaka.

Baki na kina cha milimita tatu au nne juu ya pamba, ukijaze kwa chokaa iliyokandwa na mafuta. Jaza isawazike tu, isitune, kwa sababu ungio likibana chokaa itasukumwa nje.

Kisha fanya jaribio ambalo wazee hawaliachi: mwaga maji ya bahari ndani ya chombo kikiwa bado kwenye gadi, yafike kifundo cha mguu, si zaidi, kwa sababu uzito wa maji ni mkubwa. Zunguka nje na chaki. Tone litatokea hapa, jingine pale. Mara nyingi si kwenye ungio ulilolishuku bali kwenye kichwa cha msumari. Weka alama, toa maji, rudia pale tu.

Chini ya maji

Kama chombo kimekaa majini bila kutunzwa, kipigwe moto kabla ya kupakwa. Makuti makavu huwashwa na kupitishwa chini ya mbao, moto mwepesi unaolamba, hadi joto linaua wadudu walio karibu na uso wa mbao. Ni kazi ya wawili, mmoja na ndoo ya maji mkononi, siku isiyo na upepo, na ifanywe kabla ya kutia pamba mpya yenye mafuta. Kama hujawahi kuiona ikifanywa, mlipe mzee wa pale ufuoni akuonyeshe.

Kwa kupaka una njia mbili. Deheni ni ya asili: mafuta ya wanyama, yaani shahamu, yanayeyushwa na kuchanganywa na chokaa iliyochekechwa hadi yawe mazito kama uji wa ubwabwa, kisha yanapakwa kwa kiganja yakiwa na vuguvugu. Ni rahisi, hayahitaji brashi, na mbao hupumua. Lakini hudumu miezi michache tu, baada ya hapo unapandisha na kurudia. Rangi za dukani za kuzuia chaza hudumu zaidi, gharama yake ni kubwa, na zinataka mbao iliyokauka vizuri. Mashua inayopandishwa ufuoni kila mara, deheni inaitosha. Inayolala nangani mwaka mzima, nunua rangi.

Mbao za juu na za ndani zamani zilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Harufu yake haisahauliki, na papa wenyewe wamepungua. Mafuta ya nazi au ya kitani yanatosha. Oili chafu ya gari usiiguse: rangi haitashika tena juu yake, na kila mvua itaibeba hadi kwenye matumbawe.

Utashauriwa pia kufunika mashua yote kwa faiba "umalize matatizo". Kwa chombo kipya kilichojengwa kwa ajili hiyo sawa. Kwa mashua kuukuu ya misumari, hapana. Mbao zake husogea, zinavimba na kusinyaa; faiba haisogei. Itapasuka mahali usipopaona, maji yataingia katikati na kukaa, na utaiozesha mashua ikiwa imevaa shati jipya.

Na tukizungumzia vifaa vipya, wapo mafundi wa Lamu waliojenga jahazi dogo, Flipflopi, kwa plastiki iliyookotwa ufuoni na mitaani, likashuka majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Ukilitazama, mkuku upo, mataruma yapo, mbao zimepangwa vilevile. Walibadilisha mali ghafi, ufundi wakauacha ulivyo.

Mlingoti, foromali na tanga

Mlingoti wa mashua huinama kidogo mbele. Usiunyooshe kwa kudhani umelegea. Foromali inahitaji nafasi ya kuning'inia. Mvinje mrefu usio na vifundo unafaa. Angalia kitako chake kinapoingia kwenye mwashiri, na mahali unapopita kwenye ubao mkuu wa kukalia. Hapo ndipo huoza na kukatika. Kitako kiwe na njia ya kutoa maji.

Foromali mara nyingi huungwa kwa vipande viwili vinavyopishana katikati na kufungwa kamba. Fungua kamba hizo hata kama zinaonekana nzima, tazama chini yake, funga upya kwa kamba mpya iliyoloweshwa ili ikikauka ijikaze. Ncha ya juu iwe nyembamba na iweze kujipinda. Foromali ngumu kote hairuhusu tanga kupumua upepo ukizidi.

Tanga la turubai la pamba hukaa vizuri na hutengenezeka popote, ila huoza likikunjwa likiwa bichi. Turubai la plastiki la dukani ni rahisi, hujinyoosha na kuharibika kwa jua, lakini kwa mwaka wa kwanza linatosha, na nakushauri ulitumie hadi umejua mashua yako inabeba tanga kubwa kiasi gani. Kata kwa kufuata tanga la zamani. Ukilitandaza uwanjani, upande unaofungwa kwenye foromali usikatwe ulionyooka kabisa. Uache utune kidogo, ndipo tanga lipate tumbo. Ukingo wote ushonewe kamba, na pembe ziwe na matabaka matatu.

Henza, kamba ya kupandishia foromali, ndiyo ya kutojadili bei. Inabeba foromali yote, na ikikatika foromali inashuka juu ya vichwa. Ibadilishe hata kama inaonekana nzima, na ukague kapi la juu kwa kulitoa, si kwa kulitazama kutoka chini. Demani, kamba ya kuongozea tanga, iwe nene ya kushikika kwa mkono, na usiifunge fundo kamwe; izungushe tu, iweze kuachiwa kwa mkono mmoja dhoruba ikija.

Kushusha na siku za mwanzo

Shusha kwa bamvua, lakini iwe siku moja kabla ya kilele, ili kama kuna tatizo, maji ya kesho yawe makubwa kuliko ya leo na uweze kukipandisha tena. Ukishusha kileleni chombo kikakwama au kikavuja vibaya, utasubiri wiki mbili.

Kitavuja. Mashua iliyokaa kavu hunywa maji hadi mbao zivimbe. Ifunge kwenye kina kifupi, ikipwelewa ikae mchangani, na ukeshe nayo usiku wa kwanza na upo (chombo cha kukumbia maji) mkononi. Siku ya pili maji yanapungua, ya tatu au ya nne kazi ya kukumba huwa ya asubuhi na jioni tu. Kama siku ya tano bado inaingiza kama ya kwanza, kuna ubao unaokudanganya. Subiri maji yakupwe, chukua daftari lako, anza na vichwa vya misumari.

Rudisha farumi polepole. Mawe yasikae juu ya mbao, yakae juu ya sakafu inayobebwa na mataruma, na yazuiwe yasiteleze. Viroba vya mchanga vina faida yake kwa mashua ndogo: vinahamishwa upande wa upepo, na unaweza kuvimwaga baharini.

Wakati huohuo shughulikia karatasi. Tanzania bara chombo husajiliwa na kukaguliwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar, Kenya na KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya). Nenda kabla chombo hakijaanza kubeba mtu, uulize wanataka nini ubaoni. Wanachotaka au wasichotaka, uwe na jaketi okozi kwa kila kichwa, pondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) na makasia, nanga mbili, upo wa kufungwa kwa kamba, tochi na simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingia maji.

Safari ya kwanza iwe upande wa ndani wa miamba ya matumbawe, asubuhi, na nahodha anayejua kubisha (kwenda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku) kwa tanga la namna hii, kwa sababu kupitisha foromali mbele ya mlingoti kuna utaratibu wake na mtu wa kusimama vibaya huondoka bila jino. Usikaze upepo mwanzoni, yaani usielekeze omo karibu sana na upepo unakotoka. Kila robo saa mtu mmoja aingie chini na tochi atazame ngama, mataruma na mwashiri. Chombo kinapobeba tanga hujikunja kwa namna ambayo ufuoni huwezi kuiona. Ungio lililokuwa kavu nangani linaweza kufunguka ubavu wa chini unapobisha na kufunga tena ukirudi. Andika ni lipi.

Bamvua ya pili baada ya kushusha, ipweleze tena kwa kutwa moja. Kwenye saa nne maji yatakuwa yameshuka kabisa na utakuwa na saa chache za kuzunguka ubavuni: palipotuna chokaa pakwanguliwe, palipozama pajazwe, misumari iliyoinua kichwa irudishwe, kamba za foromali zikazwe. Kabla ya saa kumi maji yatakuwa yameirudia.